Goti likiumia, kwa nini paja ndilo linakonda? Historia kutoka Montevideo, Leeds, Chicago mpaka uwanja wetu wa simenti



Leo naandika juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona. Kijana anacheza mpira wa watu watano watano kwenye uwanja wa simenti, anageuka kumkwepa mtu, hakuna aliyemgusa, anasikia "pa!" ndani ya goti. Usiku goti linavimba kama papai. Wiki zinapita, uvimbe unapungua, anatembea vizuri mpaka sokoni. Lakini akijaribu kukimbia, goti linamtoroka. Ukimwambia asimame na kaptura, utaona wazi: paja la upande ule limekonda.

Hapo watu wanaanza kusema. Wa kwanza watasema ni mvivu, ama anaogopa. Wengine watasema bila operesheni mpira wake umekwisha, na sababu rufaa ya operesheni kama hiyo kwa mkimbizi ni ngumu kupata, basi anakaa nyumbani anasubiri jina lake liitwe. Miaka miwili, mitatu. Haya maneno mawili, uvivu na operesheni, yana historia ndefu, na ukiifuata vizuri utakuta yote mawili hayasimami.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mwaka 1930 Uruguay iliandaa Kombe la Dunia la kwanza na ikalichukua. Montevideo nzima ilikuwa na homa ya mpira. Mwalimu mmoja wa YMCA ya mji huo, Juan Carlos Ceriani, alikuwa na vijana wengi waliotaka kucheza na ukumbi mmoja wa ndani. Akatunga sheria kwa kuazima: wachezaji watano kutoka mpira wa kikapu, magoli na ukubwa wa uwanja kutoka mpira wa mikono, mambo ya kipa kutoka polo ya majini. Mchezo ukavuka mpaka ukaingia Brazili, na huko ndiko ulikokomaa. Shirikisho la kimataifa la kwanza, FIFUSA, liliundwa mwaka 1971, kombe lake la dunia la kwanza likachezwa São Paulo mwaka 1982, halafu FIFA nayo ikaanzisha lake Uholanzi mwaka 1989. Brazili ilishinda yote mawili. Huu ndio mchezo tunaouita futsal.

Sasa angalia vipimo: uwanja wa mita 40 kwa 20, goli la mita 3 kwa 2, mpira mdogo usiodunda sana. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo hukimbii mbali. Unakimbia hatua nne, unafunga breki, unageuka, unakimbia tena, na hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Kwenye nyasi kiatu huteleza kidogo na kusamehe. Kwenye sakafu ya ukumbi, soli inashika. Mguu unabaki pale ulipo, mwili unageuka, na goti ndilo linalipa. Kwetu hakuna ukumbi, kuna uwanja wa basketi wa simenti wenye vumbi juu: dakika moja unateleza, dakika inayofuata unashikwa. Sijui kama Ceriani angekubali kuuita futsal, lakini goti halijui tofauti.

Kinachokatika mara nyingi ni ligamenti, yaani kamba ngumu inayofunga mfupa na mfupa. Ndani ya goti kuna mbili zinazopishana kama msalaba, moja ya mbele na moja ya nyuma. Galeni, tabibu wa zama za Warumi, tayari alishaziita ligamenti za msalaba. Ile ya mbele inazuia mfupa wa chini ya goti usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi. Ndiyo inayokatika mtu akigeuka vibaya bila kuguswa.

Kwa karne nyingi madaktari walijua jina lake na hawakuwa na la kufanya. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds, Uingereza, daktari Mayo Robson alifungua goti la mchimba makaa ya mawe aliyeumia mgodini wiki 36 kabla, akazishona zote mbili kwa uzi. Akasubiri miaka mpaka 1903 ndipo akaandika kwamba yule mtu alirudi kazini. Mwaka 1917 mwenzake wa Bristol, Ernest Hey Groves, akaona kushona hakutoshi, akachukua ukanda wa utando mgumu wa paja na kuupitisha ndani ya mfupa uwe ligamenti mpya. Operesheni za leo ni wajukuu wa ile ya Hey Groves. Zimepata kamera ndogo ndani ya goti na skrubu nzuri zaidi, lakini wazo ni lile lile: kamba imekatika, weka nyingine.

Hapo ndipo historia nyingi za goti zinaishia, juu ya kisu na majina ya wapasuaji. Mimi naona zinaruka nusu ya habari. Sababu hata ukiweka kamba mpya safi kabisa, paja linabaki limekonda.

Hilo nalo lina historia yake. Katika karne ya 19, madaktari wa Ulaya waliokuwa wakitibu magoti yaliyovimba waliona kitu cha ajabu: msuli wa paja unasinyaa haraka mno, haraka kuliko mtu anavyoweza kukonda kwa kulala tu. Na msuli wenyewe haukuumia, kilichoumia ni goti. Jean-Martin Charcot, yule daktari mkubwa wa mishipa ya fahamu wa Paris, alifikiri kwamba goti linatuma habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unajibu kwa kuuzima msuli. Lilikuwa wazo tu. Mwaka 1890 Mfaransa mwenzake, Fulgence Raymond, akalipima kwa wanyama. Aliwaumiza magoti yote mawili, lakini upande mmoja alikuwa amekata mizizi ya fahamu inayopeleka habari kwenye uti wa mgongo. Upande ambao habari haikufika, paja halikusinyaa vile. Upande ambao habari ilifika, lilisinyaa. Jaribio la kikatili, ndiyo, lakini jibu lake lilikuwa wazi.

Tena miaka 75 baadaye, mwaka 1965, de Andrade na wenzake wawili, Grant na Dixon, walifanya jambo kama hilo kwa watu, taratibu zaidi. Waliingiza majimaji ndani ya goti kidogo kidogo na kumwambia mtu akaze paja. Kadiri goti lilivyojaa, ndivyo paja lilivyoshindwa kukaza. Mwaka 1984 Spencer, Hayes na Alexander wakaja na vipimo. Kwa goti zima, lisilo na jeraha lolote, mililita 20 mpaka 30 zilitosha kuanza kuuzima msuli wa paja wa upande wa ndani, ule unaotokeza juu ya goti kama chozi. Misuli mingine ya mbele ya paja ilihitaji kama mililita 50 mpaka 60.

Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula! Goti linaonekana la kawaida, mtu anasema "uvimbe umeisha", kumbe ndani bado vimebaki vijiko viwili na msuli umepokea amri ya kulala. Mtu akijaribu kukaza, amri haifiki. Anaweza kujitahidi mpaka jasho limtoke, na msuli ukatoa sehemu tu ya nguvu yake. Utafiti wa baadaye uliongeza la kushangaza zaidi: hata paja la mguu ambao haukuumia hupoteza nguvu, sababu ujumbe unapita kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo, na hao wanahudumia miguu yote miwili.

Kwa hiyo yule kijana tunayemcheka si mvivu. Uti wa mgongo wake unajaribu kulinda goti kwa kulizimia umeme. Shida ni kwamba ulinzi huo unaendelea hata hatari ikishapita, na msuli usiotumika unazidi kukonda, na goti lisilo na msuli linazidi kutoroka, linavimba tena, msuli unazimwa tena. Ni duara. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kushughulika na uvimbe na kuuamsha msuli, kabla hata ya kufikiria kukimbia.

Nani aliyetufundisha kuuamsha? Hapa twende Chicago, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hospitali ya jeshi ya Gardiner ilijaa askari walioumia miguu, na vitanda havikutosha kwa sababu watu hawakuwa wanapona kwa haraka. Desturi ya wakati ule ilikuwa mazoezi mepesi, kurudiarudia mara nyingi, usimchoshe mgonjwa. Daktari kijana Thomas DeLorme alikuwa na mawazo tofauti. Yeye mwenyewe aliugua homa ya baridi yabisi alipokuwa kijana, na alijijenga tena kwa kunyanyua vyuma, kitu ambacho madaktari wengi wa siku zile walikiogopa. Akawafungia askari viatu vya chuma vyenye uzito chini ya mguu, wakae, wanyooshe goti. Uzito mkubwa, mara chache, na kila wiki unaongezeka. Mwaka 1945 akaandika matokeo yake. Mwanzoni aliwapa seti nyingi za mara kumi kumi. Mwaka 1948, pamoja na mwenzake Watkins, wakazipunguza ziwe tatu: mara kumi kwa nusu ya uzito wako, mara kumi kwa robo tatu, mara kumi kwa uzito wote unaouweza mara kumi tu. Ukienda gym yoyote Kampala ama Kigali na kumsikia mtu akisema "seti tatu za kumi", anataja mazoezi ya askari wale wenye magoti mabovu, bila kujua.

Napenda sana habari ya DeLorme sababu vifaa vyake vilikuwa vya kawaida. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikani ya lita 5 iliyojaa ni kilo 5, na ya lita 20 ni kilo 20. Kila nyumba kambini ina mizani tayari. Kinachokosekana ni daftari la kuandika wiki hii nimebeba ngapi na wiki ijayo ngapi.

Angalizo kidogo kabla ya mtu kukimbilia jerikani. Goti lililokatika ligamenti halianzi na uzito mkubwa unaoning'inia mguuni. Linaanza na kukaa chini mguu umenyooka, kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, unakibonyeza kwa kukaza paja na kuhesabu mpaka kumi. Halafu kukaa na kusimama kwenye kiti. Halafu kuegemea ukuta na kuchuchumaa nusu. Uzito unafuata, na ni vizuri mtu wa fiziotherapia, wale wa kwetu tunaowaita kine, akuambie lini. Na goti lililokwama lisilokunjuka kabisa ni la daktari, si la mazoezi.

Turudi kwenye historia. Ungefikiri baada ya DeLorme kila mtu alijua. La. Operesheni zilipoenea, wapasuaji wengi waliogopa kamba yao mpya isikatike, wakawa wanafunga mguu kwenye plasta kwa wiki nyingi. Plasta ikitolewa, unakuta mguu kama fimbo na goti halikunjiki. Aliyevunja desturi hiyo, kwa maoni yangu, ni wagonjwa wakaidi. Huko Indianapolis, Marekani, daktari Donald Shelbourne aliona kwamba wale wagonjwa wake wasiosikia, waliotembea na kunyoosha mguu mapema kuliko walivyoambiwa, walikuwa wanapona vizuri kuliko watiifu. Badala ya kuwagombeza, akawafuata. Mwaka 1990 yeye na Nitz wakachapisha utaratibu wa mazoezi ya haraka: nyoosha goti siku za mwanzo, kanyaga mguu, amsha paja. Dunia nzima ikageuka taratibu. Mwaka 1995 Lynn Snyder-Mackler na wenzake wakaonyesha tena kwamba umeme wa nguvu unaopitishwa kwenye paja baada ya operesheni unasaidia kurudisha nguvu ya msuli, kwa sababu unapita kando ya ile amri ya kuzima. Nyinyi wa mashirika, kama kwenye stoo ya kituo chenu kuna ile mashine ndogo ya umeme yenye vibandiko, iliyokuja na msaada na haijawahi kufunguliwa, muulizeni kine kama ina nguvu ya kutosha kwa kazi hii.

Sasa lile swali la pili, operesheni. Mwaka 2010, huko Lund, Uswidi, Richard Frobell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi ningependa kila mwenye kusubiri rufaa alijue. Walichukua vijana 121 waliokata ligamenti ya mbele, watu wa michezo lakini si wa kulipwa. Kwa kura, nusu wakapelekwa kwenye mazoezi pamoja na operesheni ya mapema. Nusu nyingine, 59, wakaanza na mazoezi peke yake, na operesheni baadaye kwa anayeihitaji. Baada ya miaka miwili wakawauliza juu ya maumivu, michezo na maisha: makundi mawili hayakutofautiana. Kati ya wale 59, ni 23 tu waliokuwa wameishia kufanyiwa operesheni. Walipofuatiliwa mpaka miaka mitano, idadi ilifika 30, na bado makundi yalikuwa sawa.

Tusizidishe hapo. Si kwamba operesheni haina maana. Nusu ya wale walioanza na mazoezi waliihitaji mwishowe, hasa sababu goti liliendelea kutoroka, na kijana wa namna hiyo ana haki ya kutetewa kwenye foleni ya rufaa. Lakini nusu nyingine haikuihitaji kwa miaka mitano yote. Na makundi yote mawili, mliona, yalifanya mazoezi. Hakuna kundi lililokaa nyumbani linasubiri. Kukaa bila kufanya kitu mpaka jina liitwe ni kitu ambacho hakuna daktari wa Lund aliyekijaribu kama tiba, na sisi ndicho tunachokifanya zaidi.

Hapa nikumbushe jina moja ambalo wengi mnalijua. Nadia Nadim alikimbia Afghanistan na mama yake na dada zake baada ya baba yake kuuawa, akajifunza mpira akiwa mkimbizi nchini Denmark, akawa mshambuliaji wa timu ya taifa. Septemba 2021, akichezea klabu yake Marekani, alikata ligamenti hiyo hiyo. Miezi ile ya kupona aliitumia kumaliza masomo yake ya udaktari. Yeye alikuwa na klabu nyuma yake, si sawa na sisi, lakini miezi ilikuwa ile ile, haipunguzwi kwa pesa.

Na miezi ni mingapi? Mwaka 2016 Hege Grindem na wenzake wa Oslo na Delaware walitoa hesabu yao. Waliwafuata watu 106 waliokwisha kufanyiwa operesheni, wa michezo ya kugeuka-geuka kama yetu, kwa miaka miwili. Kwa kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi uwanjani, mpaka kufika mwezi wa 9, hatari ya kuumia goti tena ilipungua kwa asilimia 51. Baada ya miezi 9, kuchelewa zaidi hakukuongeza kitu. Halafu waliwapima kabla ya kurudi: nguvu ya paja ifike asilimia 90 ya mguu mwingine, na kuruka vivyo hivyo. Kati ya waliorudi wakiwa wamefaulu vipimo vyote, asilimia 5.6 waliumia tena. Kati ya waliorudi bila kufaulu, asilimia 38.2. Yaani zaidi ya mmoja katika kila watatu. Fikirieni timu ya watano na wa akiba, halafu fikirieni ni wangapi kati yetu walirudi uwanjani siku ile tu maumivu yalipoisha.

Nguvu ya paja huko Oslo wanaipima na mashine ya bei ya gari. Sisi hatuna, lakini sehemu ya kuruka inawezekana. Mwaka 1991 Frank Noyes na wenzake wa Cincinnati walieleza vipimo vinne vya kuruka kwa mguu mmoja, na kile rahisi kabisa kinataka mstari chini na utepe wa fundi cherehani: simama kwa mguu mmoja, ruka mbele, tua kwa mguu huo huo bila kuyumba, pima sentimita. Fanya na mguu mwingine. Gawanya. Ni cha mwisho wa safari, si cha mwezi wa pili, na hakisemi kila kitu, sababu mtu mjanja huruka kwa nyonga na kifundo huku paja limelala. Kwa hiyo pima na mzunguko wa paja pia, sehemu ile ile kila mara, tuseme sentimita 15 juu ya kifupa cha goti.

Jambo moja la mwisho, ambalo Elizabeth Wellsandt na wenzake walilionyesha mwaka 2017. Ukilinganisha mguu mbovu na mguu mzima baada ya miezi mingi, unaweza kudanganyika, kwa maana mguu mzima nao umeshuka wakati ukikaa. Asilimia 90 ya kitu kilichopungua si asilimia 90. Wao wanashauri kulinganisha na namba ya mguu mzima iliyochukuliwa mapema, kabla haujashuka. Basi akiumia mwenzenu mwezi huu, msisubiri mwezi wa tisa ndipo mtafute utepe. Uvimbe ukishatulia na kine akikubali, mpimeni mguu mzima, jinsi unavyoruka na unene wa paja, na namba iandikwe kwenye daftari la timu pamoja na tarehe.